Gunia la Igoki na Wivu Wangu

Ninyi vijana wa Nkubu mliokuja kwangu Jumapili baada ya kanisa mkaniomba niwaandikie siri za kuzalisha mbwa, nimekubali, lakini kwa sharti moja: mtasoma mpaka mwisho. Nawajua. Mkiona maneno yamezidi ukurasa mmoja mnaulizana nani atafupisha atume kwenye grupu. Hii haifupishwi.

Na nianze na jambo ambalo majirani watawaambia nisipowaambia mimi. Nilikuwa mwanamke wa wivu, na bado ni mwanamke wa wivu. Nimezalisha mbwa hapa kwa miaka ishirini na saba, mpaka nyonga ikakataa kuinama, na mengi ninayojua kuhusu haki za mtu anayenunua mtoto wa mbwa sikuyajifunza kwa wema. Niliyajifunza nikimchungulia mwanamke mwingine kwa kijicho, nikitafuta kosa lake nipate la kumsema. Anaitwa Igoki. Anakaa Embu, mtaa wa Dallas. Hata sasa nikiandika jina lake kalamu inakwaruza karatasi.

Kabla ya mbwa nilikuwa muuza maharagwe sokoni Gakoromone. Wezi walizoea kufungua kibanda changu, na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mifugo, Mutwiri, ambaye sote tulimwita Daktari ingawa hakuwa daktari, akaniletea jike la jemani shepadi. Jike likazaa tisa. Daktari akaja kuwaona, akaniuliza kama nawapima. Nikamwambia nawapima kwa macho. Alicheka mpaka akaketi juu ya debe.

"Mama Mwenda, macho yako yanapenda kila kitu chako. Tafuta mizani."

Mizani niliyokuwa nayo ni ya maharagwe. Basi kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni niliwaweka watoto mmoja mmoja kwenye sahani ya mizani na kuandika uzito katika daftari la shule la Mwenda, kifungua mimba wangu. Mtoto wa mbwa asiyeongeza uzito siku mbili mfululizo ana shida: ananyang'anywa ziwa na wenzake, au ana minyoo, au mama yake hana maziwa ya kutosha. Hilo ni la kwanza, liwekeni akilini. Kosa langu lilikuwa sahani. Siku moja mteja wangu, mke wa mchungaji, aliokota unywele mrefu mweusi ndani ya kilo mbili za maharagwe ya njano, akauinua juu kwenye mwanga, akauliza, "Mama Mwenda, haya maharagwe yako hunyolewa?" Soko zima lilinicheka. Nikanunua mizani ya pili.

Siku hizo tulikuwa wachache. Mtu akitaka mbwa wa maana kati ya Meru na Chuka, alikuja kwangu. Nilikuwa na majike matatu na jina. Wateja walikuwa vituko vitupu. Kuna mzee wa kanisa alitaka mbwa anayeuma wezi lakini asiyebweka wakati wa maombi. Kuna mwalimu aliyetaka mbwa asiyekula nyama kwa sababu nyama ni ghali, nikamwambia anunue kondoo. Kuna waliowalisha watoto pilipili ili wawe wakali, na hao nilikuwa nawafokea, kwa sababu pilipili haifanyi mbwa awe mkali, inamfanya aumwe na tumbo. Nilijua kazi. Nataka mjue hivyo, kwamba nilijua kazi.

Igoki alikuja siku ya mvua, amevaa buti za mpira na koti la ofisini juu yake. Alikuwa karani mahali fulani mjini Embu, msichana mwembamba wa maswali mengi. Alitaka kumwona mama wa watoto. Nikamwambia mama amelala. Akataka kujua watoto wamepewa dawa ya minyoo mara ngapi. Nikamwambia wamepewa. Akauliza tena, "Mara ngapi, Mama?" nikamwambia za kutosha. Aliponichosha nilimtilia mtoto mmoja wa kike ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia iliyokuwa imelala kwenye kibanda cha mbwa, nikamkabidhi mvua ikinyesha, nikafunga lango. Wiki hiyo alinipigia simu mara kadhaa. Sikushika. Mikono ilikuwa na vumbi la maharagwe, na kusema kweli, mbwa akishatoka langoni kwangu nilihesabu ametoka.

Nilimsahau kabisa. Ikapita miaka, siku moja mteja kutoka Chogoria akaja kutazama watoto wangu, akasimama amekunja mikono, akaniuliza, "Gunia nilete lini?"

"Gunia la nini?"

"Si kule kwa Igoki unapeleka gunia wiki mbili mapema? Linalaliwa na mama mbwa na watoto wake. Siku ya kuchukua wako, unaenda naye na gunia lake."

Nilimwuliza Igoki ni nani. Alinieleza kwa dakika ishirini. Igoki wa Dallas anakuonyesha mama mbwa, na baba yao pia, dume la jirani, ukitaka. Igoki anakupa karatasi imeandikwa chanjo zilizodungwa na zilizobaki, na siku za kurudia dawa ya minyoo. Igoki hamtoi mtoto kabla ya wiki nane hata ukilia. Igoki anakupigia simu siku ya tatu, wewe ukiwa bado unajiuliza kama mtoto ameshiba. Igoki amekuandikia pale chini kwamba mbwa akikushinda, hata akiwa mzee, usimtupe wala usimuue, mrudishe kwake. Nilisikiliza huku uso ukiniwaka. Mteja alipoondoka bila kununua, nilimwambia mume wangu kuna mwanamke Embu anauza magunia ya uchawi.

Ndivyo wivu ulivyoanza. Wivu wa kazi ni kitu kibaya kwa sababu unakaa nacho mchana kutwa. Nikikoroga uji wa mbwa, namwaza Igoki. Nikisikia mtu amemsifu shemasi wetu, nadhani amemsifu Igoki. Kilichoniuma zaidi ni pale nilipokumbuka kwamba ndiye yule msichana wa maswali, na jike lake la kwanza alilinunua kwangu. Damu ile ilikuwa yangu. Kila mbwa mzuri aliyesifiwa Embu alikuwa mjukuu wa kibanda changu, na hakuna aliyenitaja.

Mtacheka, lakini nitasema. Siku moja niliazima simu ya jirani nikampigia, nikajifanya mnunuzi. Nikajiita Mama Joy wa Runyenjes. Nilitaka nimsikie akidanganya angalau mara moja. Badala yake alinihoji yeye.

"Mama Joy, mchana nyumbani anabaki nani?"

"Hakuna mtu. Tunaenda shamba."

"Sasa mtoto atakula saa ngapi?"

"Jioni tukirudi."

"Na atakaa wapi?"

"Tutamfunga kwa mti."

Akaniambia kwa upole sana, "Mama, nisamehe. Kwa sasa sina mbwa wa kukufaa. Mkipata mtu wa kukaa nyumbani, nipigie tena." Nilirudisha simu ya jirani. Miaka ishirini nazalisha mbwa, na nimenyimwa mbwa.

Sasa nifike kwa Kaberia, ambaye ndiye sababu ya kuandika haya yote.

Kaberia ni mkulima wa miraa kutoka Kangeta. Mkijua miraa mnajua wezi wake: wanachuma shina likiwa limeiva vizuri, na asubuhi mwenyewe anakuta matawi matupu. Alitaka mbwa wawili, dume na jike. Alikuja kwangu asubuhi moja, mtu mpole, mwenye kuvua kofia akiongea na mama. Watoto wangu walikuwa na wiki tano. Alisimama akawatazama wakiangukiana ndani ya uzio, akatabasamu, halafu akasema neno alilosema bila ubaya wowote.

"Ni wazuri, Mama. Lakini nimeongea na mama mmoja wa Embu. Yeye ameniambia ningoje wiki tatu, na magunia mawili niyapeleke wiki ijayo."

"Wa kwangu wako tayari leo," nikasema.

"Wana wiki ngapi?"

"Nane."

Neno moja tu. Sikulipanga. Lilitoka lenyewe kwa sababu nilikuwa nimeshamwona kwa macho ya moyo akiteremka Embu na magunia yake mawili chini ya kwapa, na Igoki akimfungulia lango.

Nieleze kwa nini wiki tatu zile si kitu cha kuchezea, maana najua baadhi yenu mnauza watoto wa wiki tano kwa picha za simu, na mnunuzi hajui. Kati ya wiki ya tano na ya nane mtoto wa mbwa yuko shuleni. Anamuuma ndugu yake, ndugu analia na kuacha kucheza, naye anajifunza kwamba meno yake yanaumiza. Anamsumbua mama yake, mama anamnguruma, anajifunza kunyamaza. Anasikia sufuria ikianguka, anaona watoto wa jirani, anashikwa na mikono mbalimbali, na yote hayo akiwa na mama karibu wa kumkimbilia. Ukimtoa kabla hajamaliza, anakwenda duniani bila kujua kipimo cha meno yake wala ni nini cha kuogopa. Na chanjo ya kwanza huwa bado au ndiyo kwanza imedungwa. Mkitaka kujua mmedanganywa umri, fungueni mdomo mtazame nyuma, kwenye mataya. Mtoto wa wiki nane ana meno yake yote ya utoto. Wa wiki tano bado ana nafasi tupu. Kaberia hakujua hilo, na mimi nililijua.

Jike alilochukua lilikuwa la mwisho kuzaliwa. Nililiita Tosha, kwa sababu lilipotoka nilimwambia mama yake, "Sasa tosha, mama." Niliwatia yeye na dume katika katoni, nikampa Kaberia mkono, nikamwambia awape maziwa na ugali laini. Akauliza kuhusu karatasi ya chanjo. Nikamwambia nitamtumia kwa simu. Alipoondoka nilikuwa na furaha ya ajabu. Nilipika chai ya maziwa matupu nikainywa peke yangu, nikisema moyoni kwamba leo Igoki amekosa.

Dume lilikufa siku ya nane. Ilikuwa parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu. Kaberia alipopiga simu nilimwuliza maji anayowapa yanatoka wapi, nikamfanya aamini ni maji yake. Tosha alipona kwa bahati tu. Lakini alikua akiwa mwoga. Alishinda chini ya ghala, na mkono wowote uliomjia kutoka juu aliuuma, si kwa ukali, kwa hofu, na hofu ya mbwa ndiyo inayouma vibaya zaidi. Alipokuwa na miezi tisa, mama yake Kaberia alikuwa ameketi kwenye mkeka akifunga miraa kwa majani ya mgomba. Aliinama kumsogeza Tosha aliyekuwa amelalia majani. Tosha alimuuma kiganja mpaka mfupa.

Wiki mbili baadaye pikapu ilisimama langoni kwangu. Nilikuwa na wateja wawili kutoka Chuka, mume na mke, wamebeba mtoto mmoja wa mbwa wanampapasa. Kaberia akashuka, akavua kofia. Nyuma ya gari Tosha alikuwa amefungwa kwa kamba, amejikunja kwenye kona.

"Muga, Mama," akanisalimu.

"Muga. Umeniletea nini?"

"Si unamjua? Ni Tosha wako."

"Alikuwa wangu. Ulimnunua."

"Mama, ameuma mamangu mkono. Zile sindano za kichaa cha mbwa bado anadungwa. Mimi sijakuja kudai kitu. Nataka tu umchukue, ama unionyeshe vile nitafanya."

Wateja wa Chuka walikuwa wameacha kupapasa. Nilihisi macho yao mgongoni. Mngekuwa mimi mngefanya nini? Nafahamu sasa kilichotakiwa. Ilitakiwa niseme, "Mlete ndani, Kaberia, ni kosa langu." Maneno matano au sita. Lakini mbwa yule akiingia uani kwangu, Nkubu yote ingejua, Chuka ingejua, na habari ingeteremka barabara ileile mpaka Dallas. Nilimwona Igoki akiisikia. Nikasema kwa sauti kubwa, ili wateja wasikie:

"Mbwa akitoka kwa hii geti ametoka. Kama mmemharibu huko na makelele yenu, hiyo ni juu yenu."

Kaberia alikuwa kama mtu anayetaka kusema jambo, akalimeza.

"Basi nitammaliza," akasema. "Sina njia ingine. Niko na watoto kwa boma."

Nilimwangalia Tosha. Alikuwa ananusa hewa kuelekea kibandani, alikozaliwa, mkia umebana tumboni. Niliyaona yote hayo na sikusogea.

Hapo Kaberia akatoa simu. Alipiga pale pale langoni, sauti ikiwa wazi kwa sababu spika ya sikioni ya simu yake ilikuwa imeharibika. Nikaisikia ile sauti ya upole iliyomnyima Mama Joy mbwa.

"Mama wa Embu, ni Kaberia wa Kangeta. Ulisema hata kama ni mbwa wa mtu mwingine nikushtue."

"Eeh, Kaberia. Kuna nini?"

"Niko na mbwa ameuma mtu. Sikununua kwako. Nilinunua mahali."

Akanikazia macho, na hakunitaja. Nikangoja Igoki aulize ni wapi. Nilijua atauliza. Mimi ningeuliza kabla ya kitu kingine chochote.

"Ni miezi ngapi?" akauliza. "Anakula? Yuko na chanjo ya kichaa? Sawa. Usimchape njiani, sikia. Mfunike macho na nguo ili asiogope barabara. Nitakuwa nyumbani mpaka jioni. Mlete."

Kaberia akavua sweta yake, akamfunika Tosha kichwa taratibu, akiongea naye Kimeru kama mtu anayembembeleza mtoto. Gari likageuka kuelekea Embu. Mnadhani niliona aibu. Aibu ilikuja baadaye, siku nyingi baadaye. Kilichokuja kwanza ni wivu, wivu mkali, kwamba hata mbwa niliyemharibu mimi mwenyewe anakwenda kupewa Igoki. Wateja wa Chuka walimrudisha mtoto uziani wakasema watapiga simu. Hawakupiga.

Miezi mitano nilijizuia. Halafu nilikwenda Embu kumwona dada yangu, na baada ya chai nikamwambia naenda dukani mara moja. Nilikwenda moja kwa moja mpaka Dallas nikiulizia. Kila mtu alikuwa anapajua.

Igoki alifungua lango akiwa na buti zilezile za mpira, au za aina ile. Alikuwa amenenepa kidogo. "Karibu, Mama Mwenda," akasema.

"Unanijua?"

"Nitakosaje kukujua, hata kwa sauti?" Halafu akacheka kidogo. "Na Mama Joy wa Runyenjes hajambo? Alipata mtu wa kukaa nyumbani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Hakungoja jibu, alinikaribisha kwenye benchi. Nikaangaza macho nikitafuta uchafu. Vibanda vilikuwa vimefagiliwa. Bakuli za maji zilikuwa zimesuguliwa. Kwenye kamba ya nguo yalikuwa yametundikwa magunia saba, yameandikwa majina kwa kalamu nene, Mugo, Mama Kawira, Familia ya Nyaga, yakingoja zamu ya kuingia kwa jike lililozaa. Sikupata kosa hata moja, na niliumia.

Tosha alitoka chini ya benchi. Alikuwa amejaa, manyoya yanang'aa. Nikaunyosha mkono juu ya kichwa chake.

"Chini, mama," Igoki akasema. "Mkono utoke chini, aunuse kwanza."

Mimi ninafundishwa kushika mbwa. Nikaushusha. Tosha akanusa vidole vyangu kwa muda mrefu, kwa makini, nami nikidhani atanikumbuka. Akamaliza, akageuka, akaenda kulaza kidevu juu ya buti ya Igoki. Nilimwonea Igoki wivu hapo kuliko siku nyingine yoyote, kwa mbwa niliyemkataa mimi mwenyewe.

"Ni nani alikufunza hii kazi?" nikamwuliza. Nilitaka aseme ni mzungu fulani au chuo fulani, ili nikirudi nyumbani niseme yeye alisaidiwa.

"Ni wewe," akasema.

Nilivimba. Nakiri nilivimba. Nikaketi wima, nikamwambia nilijua tu, damu ya mbwa wangu na maarifa yangu. Igoki aliingia ndani akarudi na daftari lililofifia jalada, akalifungua ukurasa wa kwanza, akaniwekea magotini. Ilikuwa orodha ya maswali kwa mwandiko wa haraka. Kwa nini halali? Ale mara ngapi kwa siku? Dawa ya minyoo alipewa lini? Chanjo gani imebaki? Akikataa maziwa nifanye nini? Nikishindwa naye nimrudishe?

"Hiyo ni wiki nilimchukua kwako," akasema. "Nilikupigia mara sita. Nilikuwa naandika maswali ndio ukishika nisisahau moja. Alilia siku tatu. Hakunyamaza mpaka nilipoitandika ile katoni uliniwekea, akaingia ndani akalala. Ilikuwa inanuka mama yake. Alilalia hiyo katoni mpaka ikaisha ikawa matambara. Ndio nikasema, nikianza kuzalisha, mtu hataondoka kwangu bila harufu ya mama, na hataniuliza swali hata moja kati ya hayo. Atapata jibu kabla."

Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira ningejibu, nina ulimi. Niliyasoma maswali yale mara ya pili. Gunia nililolicheka miaka yote lilitoka kwenye katoni yangu, na kila jambo nililomwonea kijicho lilikuwa jambo ambalo mimi sikumfanyia. Swali lililonijia lilikuwa dogo, swali ambalo mwuzaji yeyote angeuliza siku ya tatu.

"Ulimwita nani?"

"Nani?"

"Yule wa kwanza. Wa katoni."

Igoki akamkuna Tosha sikio. "Nkubu," akasema. "Kwa sababu sikuwa na kitu kingine najua juu yake, isipokuwa mahali alitoka. Alikufa mwaka juzi, amezeeka, amelala."

Nilirudi kwa dada yangu bila kununua chochote dukani. Kesho yake nikiwa nyumbani nilikaa juu ya debe la Daktari, ambalo bado ninalo, nikampigia Kaberia. Alishika mlio wa kwanza. Nilimsalimu, nikamwuliza hali ya mkono wa mama yake, akasema umepona, ila kidole kimoja hakikunji.

"Kaberia, siku ile uliniuliza wana wiki ngapi."

"Eeh, Mama."

"Tano."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za watu wakifunga miraa. Zikasogea mbali, nikajua anatembea akitafuta mahali patulivu.

"Nilijua, Mama," akasema. "Lile dume likikufa, daktari wa huku alifungua mdomo akaangalia meno. Akaniambia huyu hakuwa wa kutoka kwa mamake."

"Ulijua ukija pale langoni? Mbele ya wale watu wa Chuka?"

"Nilijua. Lakini wewe ni mama wa watu. Ningekusema aje mbele ya wageni? Nilikuwa nangoja tu useme."

Baadaye akaniambia, kwa sababu nilimwuliza, kwamba amechukua wengine wawili, wa wiki nane, kwa Igoki, na kwamba mmoja hulala kwenye mkeka wa mama yake wakifunga miraa. Nilimwambia nimefurahi. Sikuwa nimefurahi. Iliniuma, na inaniuma hata leo, na sitawadanganya ninyi kama nilivyomdanganya yeye. Lakini watoto wawili wa mbwa wa mwisho kuzaliwa kwangu kabla sijastaafu walitoka na magunia yao, na siku ya tatu nilipiga simu kila nyumba kuuliza wamewaita nani.

Basi ninyi mnaotuma picha za watoto wa mbwa mkiandika "wako tayari": kuna mtu jioni ya leo ana mtoto anayelia ndani ya boksi, na anapiga namba yako. Shika.